Siku Nilipomuua Nyati wa Baba

Fundi alikuja kurekebisha mlango wa jikoni kwangu. Akatoa kwenye gunia lake kipande cha mzeituni wa porini, akaanza kukikata kwa msumeno. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Harufu ile iliponifikia puani niliweka sinia chini, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Fundi akanifuata. "Dada, vumbi limekukera?" Nikamwambia ndiyo, ni vumbi. Ningemwelezaje kwamba harufu hiyo, tamu kidogo na kali kidogo, kwangu mimi ni harufu ya kuua? Nyati mmoja aliuawa mara sita nyumbani kwetu. Mara ya sita nilimuua mimi, nikiwa darasa la pili.

Tuliishi Mbulumbulu, kule juu ambako shamba linaishia na msitu wa hifadhi unaanza, na katikati hakuna kitu ila mtaro uliojaa vichaka. Ninyi mliokulia pembeni mwa msitu mnajua maisha yale. Ngano na maharage unalima wewe, lakini wanaokula kwanza ni wengine, na asubuhi unahesabu nyayo kabla hujasema shikamoo. Baba alikuwa mkulima kama watu wote, ila mkono wake ulijua mti. Alichonga miko, vigoda, na wanyama wadogo wa kupeleka kwenye duka la mapambo lililokuwa barabara ya kwenda lango la Ngorongoro. Twiga wake walikuwa na shingo nyembamba mno, wakivunjika njiani kila mara, na yeye hakujali. Ilikuwa kazi ya kupitisha masika.

Mdogo wake, baba mdogo Bura, aliishi nasi kwa sababu hakuwa ameoa. Bura hakuweza kukaa kimya. Alipiga mluzi akikamua ng'ombe, alipiga mluzi akipalilia, na mama alisema ataoa mwanamke kiziwi. Alikuwa akinibeba mabegani mpaka shuleni, na njiani ananiuliza majina ya watu tuliopishana nao. Nikikosea, ananitikisa kama gunia la mahindi mpaka nicheke.

Asubuhi ile tulikwenda watatu kung'oa maharage, baba, Bura na mimi. Umande ulikuwa mwingi, sketi yangu ililowa mpaka kiunoni. Baba na mimi tulianzia karibu na mti mkubwa wa mringaringa uliokuwa katikati ya shamba. Bura akaenda upande wa mtaro akipiga mluzi. Nakumbuka nilisikia mluzi ukikatika katikati ya wimbo, nikainua kichwa nione ni mbwa gani amemkatisha.

Kile kilichotoka mtaroni sikukiona kama mnyama. Nilidhani udongo umeinuka. Kisha nikaona pembe. Bura alikuwa tayari anakimbia kuja kwetu, mikono mbele, viatu vimemtoka. Baba alinishika kwapani akanirusha kwenye tawi la mringaringa, nikaanza kuteleza, akapanda nyuma yangu akanibana kwenye shina kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshikilia tawi. Bura akafika chini ya mti. Akanyoosha mkono juu. Vidole vyake viligusa unyayo wa baba, niliviona. Baba hakuwa na mkono wa tatu.

Nyati alimpiga kiunoni. Alimwinua mpaka usawa wa macho yetu, Bura akaanguka, nyati akamwinua tena. Mara ya tatu hakumwinua. Alipiga magoti, akamsaga ardhini kwa paji la pembe, anasukuma mbele na nyuma, huku akikoroma. Na Bura alikuwa akiita jina la baba, mpaka lile jina likawa sauti tu, na ile sauti nayo ikaisha. Nyati hakuacha hata hapo. Alipochoka, akasimama, akainua kichwa akatuangalia. Shina la haragwe lilikuwa limenasa kwenye pembe ya kushoto, na majani yake mawili yalikuwa yanatikisika kila alipopumua. Alituangalia muda mrefu. Kisha akageuka, akarudi msituni kwa kutembea.

Askari wa wanyamapori walikuja mchana na bunduki, wakafuata nyayo mpaka ndani ya msitu. Walirudi jioni wakasema hawakumpata. Katika matanga, mzee mmoja jirani yetu, ambaye wote tulimwita Akoo, yaani babu, alimwambia baba mbele ya watu, "Mwanangu, nyumba hii haitapumzika mpaka mnyama yule afe."

Baba akamjibu, "Atakufa."

Mimi nilikuwa nimelala mapajani mwa mama, nikajifanya nimesinzia. Neno hilo nililichukua kama lilivyo. Baba amesema nyati atakufa, kwa hiyo nyati atakufa. Nilisubiri aende msituni. Hakwenda. Badala yake, wiki chache baadaye aliburuta gogo la mzeituni wa porini lililokuwa limeanguka mwisho wa shamba, akaliingiza stoo, akanoa tezo na patasi zake, akaanza kuchonga nyati.

Wa kwanza alikuwa na urefu wa mkono wangu. Majirani walikuja kumwona, wakatikisa vichwa. Hata misuli ya shingo ilionekana. Mama mwenye duka la mapambo alikuja na gari kumtazama, akampapasa mgongo, akasema yuko tayari kumchukua siku hiyo hiyo. Baba akamwambia bado. Kwa siku mbili alimgeuzia ukutani. Siku ya tatu, mchana, nilisikia kishindo stoo. Nikakimbia mlangoni. Baba alikuwa ameshika shoka kwa mikono miwili, anampiga nyati kichwani, shingoni, mgongoni, anapiga na kuhema, na alitoa mkoromo ule ule niliousikia chini ya mringaringa. Vibanzi vilinirukia usoni. Hakuacha mpaka sakafuni hapakubaki kipande kikubwa kuliko kiganja.

Nilikimbia jikoni. "Mama, Baba amemuua nyati."

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. "Huyo hataisha leo," akasema.

Na kweli hakuisha. Baba alianza mwingine. Nikaelewa, kwa akili yangu ile, jinsi kazi hii inavyokwenda. Nyati wa msituni huwezi kumfikia, kwa hiyo baba anamwita ndani ya mti. Akishatokea, anamkata. Lakini mnyama alikuwa mkaidi, anafufuka. Niliona anavyofufuka akiwa anafanana zaidi na yule wa kweli kila mara. Wa pili alikuwa na kifua chake. Wa tatu alikuwa na zile pembe nene zilizokutana katikati ya paji. Nilifikiri tatizo ni kwamba baba anaacha mabaki yametapakaa stoo, yanaunganika upya. Nikaanza kuyaokota yote na kuyachoma jikoni. Mama alinishukuru kwa kuleta kuni.

Nyumba yetu ilibadilika. Baba alikuwa mtu mpole. Sasa alipiga ukuta kwa ngumi mpaka udongo ukabanduka. Alimpiga ng'ombe teke kwa sababu alimwangalia. Alianza kunywa mchana. Siku alipomkata nyati wa nne, pembe ilikatika ikaruka mpaka nje ikampata mama juu ya jicho, damu ikamjaa usoni. Mama alijifuta kwa khanga, akaingia stoo damu ikiendelea kutoka.

"Baba Fausta," alimwambia, "watu wanakuja kwa magari kuvitaka hivi vitu. Wewe unavifanya kuni."

"Si yeye," baba akasema.

"Si nani?"

"Huyu ni ng'ombe mwenye pembe mbaya. Anakaa kama anasubiri nimwekee pumba." Alikuwa ameketi chini, shoka mapajani. "Kichwani namwona, mama Fausta. Namwona mpaka unyevu wa pua. Nikifumba macho yupo. Nikishika tezo, mkono unanichongea mtu mwingine."

"Basi mwache kichwani."

"Kichwani ndiko anakomkanyaga Bura."

Mimi niliyasikia maneno hayo nikiwa nyuma ya mlango, na niliyatafsiri nilivyoweza. Si yeye, nikajua, maana yake amekata mnyama asiyehusika. Nyati mwenyewe alikuwa bado anatumia ujanja, anatuma wenzake wafe badala yake. Wa tano naye hakuwa yeye, akafa kama wengine.

Wa sita alichukua masika yote. Baba aliacha pombe. Alichonga taratibu, na mara nyingi nilimkuta ameketi tu, macho yamefumba, kidole kikitembea hewani. Alimfanya mkubwa kuliko wote, kichwa kimeinuliwa, miguu ya mbele imeachana kidogo. Kwenye pembe ya kushoto alichonga shina jembamba kama njiti ya kiberiti, na majani mawili. Alipomaliza alimpaka mafuta ya alizeti, akatoka nje, akaomba chakula. Akala sahani mbili. Alisimulia jambo fulani kuhusu mbuzi wa jirani, akacheka, na mama akamtazama kama anayeona mgeni.

Mama mwenye duka alikuja tena. Alimtazama nyati bila kumgusa, akarudi nyuma hatua moja. "Huyu nitamuweka dirishani," akasema.

"Huyu haendi popote," baba akasema.

Akamhamishia sebuleni, kwenye meza ndogo mkabala na mlango. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Kwa sababu mimi nilimtambua. Alikuwa ndiye. Nilipotoka chumbani asubuhi alikuwa ananiangalia vile vile alivyotuangalia tukiwa juu ya mti, bila haraka, kama mtu anayejua utashuka tu. Nilianza kutokea mlango wa nyuma. Na baba, ambaye aliahidi mbele ya watu kwamba atamuua, sasa alikuwa anamfuta vumbi. Jioni alimpaka mafuta. Aliongea naye. Nikajua kwamba nyati ameshinda. Ameingia nyumbani kwetu na amemfanya baba asahau.

Nilisubiri siku ya mnada. Baba alikwenda Karatu mjini asubuhi kununua mahitaji, na mama akaenda mashine kusaga. Nilichukua shoka stoo. Lilikuwa zito, nililiburuta. Nilipofika mbele ya meza, kabla sijainua shoka, mkojo ulinitoka, ukateremka mpaka miguuni. Nilimwambia nyati, "Umemuua Bura." Kisha nikapiga.

Pigo la kwanza liliteleza likakata meza. La pili lilimpata usoni. Baada ya hapo sikumbuki kupumzika. Alianguka, nikampiga chini. Nilikata shingo, nikakata kifua, nikapiga macho mpaka yakawa tundu. Nilikoroma mimi pia, nilijisikia. Nilikusanya vipande vyote kwenye sketi, nikavitia motoni jikoni, vikaungua kwa moto mkali kwa sababu ya mafuta. Kisha nikaketi kizingitini kumsubiri baba nimpe habari njema.

Alifika mchana, mfuko begani. Nilisimama. "Baba," nikasema, "nimemuua."

Alipita akaingia ndani. Alikaa humo muda ambao hata sasa siwezi kuupima. Alipotoka alikuwa ameshika tezo, ameishika kwa upande wa chuma, mpini mbele. Uso wake haukuwa wa baba. Nilitaka kumweleza kwamba nimechoma hata mabaki, lakini pigo la kwanza lilinipata mgongoni, nikaanguka. La pili sikumbuki lilitua wapi. La tatu niliinua mkono wa kushoto, na mpini ukatua juu ya kiwiko. Nilisikia mfupa. Hautoi sauti ya mti. Unatoa sauti ya kitu kibichi. Aliendelea. Hakusema neno lolote, na ukimya huo ndio ulionifanya niamini kwamba nitakufa.

Mama alikuwa anaingia uani na ndoo ya unga kichwani. Aliitupa. Akachukua mchi uliokuwa umeegemezwa kwenye kinu, akampiga baba kichwani, kwa nguvu zote, kama anayetwanga. Baba alianguka ubavu juu ya unga uliomwagika. Mama akasimama juu yake, mchi umeinuliwa.

"Bura amekufa," akamwambia. "Huyu yuko hai. Mwangalie. Mwangalie huyu."

Baba aliinuka kwa viganja. Uso ulikuwa na unga upande mmoja na damu upande wa pili. Akaniangalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona tangu siku ya mringaringa. Akatambaa mpaka nilipokuwa, na mama hakushusha mchi.

Jirani alitupeleka hospitali kwa pikapu. Baba alinipakata nyuma, barabara yote ya mashimo, mkono wangu ameuzuia kwa kiganja chake usitikisike, damu ya kichwa chake ikinidondokea shingoni. Muuguzi aliuliza nimefanyaje. Mama akasema nimeanguka mtini. Mimi nikasema, "Nimemuua nyati." Muuguzi akacheka, akasema mtoto huyu ana maneno. Walinifunga plasta ngumu kuanzia kiganjani mpaka begani. Baba hakucheka. Alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, mabega yanaruka.

Hakunipiga tena maishani mwake. Hakuniomba radhi pia. Wanaume wa umri wake hawakujua mahali pa kuanzia. Lakini kwa miezi ile yote ya plasta alinifunga vifungo vya shati la shule kila asubuhi, kimoja kimoja, vidole vyake vinene vikikosea tundu. Kisha ananipeleka mpaka geti la shule. Akarudi kwenye miko na vigoda. Nyati hakumchonga tena, na mimi nilikua nikijua kwamba niliharibu kazi ya maisha yake kwa ujinga wa kitoto. Nilipoanza kuelewa mambo ya kazi za mikono, na jinsi watu wanavyohangaika miaka kufikia kitu kimoja kilicho sawa, aibu hiyo iliongezeka. Hatukuizungumza.

Tuliizungumza mara moja tu. Nilikuwa nimeshazaa mara mbili. Mama alikuwa ametutoka. Nilikwenda kumsalimia baba, tukakaa uani tunapukuchua mahindi, na sijui ni nini kilinisukuma. Nikasema, "Baba, nisamehe kwa yule nyati. Ulikuwa umempata hatimaye, nikakuharibia."

Aliendelea kupukuchua. "Sikuwa nimempata," akasema.

"Ulicheka siku ile. Ulikula sahani mbili."

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilimtazama nikaona si yeye vilevile, kama wale wengine. Niliyemwona mimi alikuwa mbali sana na yule wa mezani. Ila nikajiambia, basi, mkono wangu umeishia hapa. Nikaamua kukaa naye hivyo hivyo. Ndiyo maana nikaweza kula."

"Sasa ulinipiga vile kwa nini, kama hakuwa yeye?"

Gunzi lilikuwa limeisha punje na bado analisugua kwa dole gumba. "Kwa sababu nilidhani umeona," akasema. "Nilidhani hata mtoto wa darasa la pili amemtazama akaona ni uongo, akamkata kama nilivyowakata mimi. Uliposema umemuua, nilisikia unanicheka."

Nilimwangalia mzee huyu, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amekaa na jambo hilo.

"Baba," nikasema, "nilimkata kwa sababu alikuwa ndiye."

Aliinua uso.

"Alikuwa ndiye. Nilikuwa natokea mlango wa nyuma kila asubuhi nisipite mbele yake. Nilijikojolea kabla sijainua shoka. Wale watano wa kwanza sikuwaogopa, nilijua si yeye. Yule nilimtambua, nikaona umesahau ulichoahidi kwenye matanga, nikasema nitamuua mimi."

Tulikuwa wawili tu duniani tuliomwona mnyama yule akiinua kichwa, na mmoja wetu hakuwahi kuulizwa.

"Ulimwogopa," akasema.

"Sana."

Baba akaliweka gunzi chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, polepole, kama mtu anayetaka kupokea kitu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akasogeza kigoda chake karibu na changu mpaka magoti yetu yakagusana.

"Nieleze alivyokuwa," akasema. "Anza pale asubuhi ulipofungua mlango wa chumbani."

Nikamweleza. Kuku walikuja wakala mahindi kwenye turubai, na hakuna aliyewafukuza.